Kusikiliza Mbwa Wachanga: Utangulizi wa Elimu ya Kubweka na Hulka

Mbwa mwitu wa nchi za kaskazini, babu wa mbwa wote wa nyumbani, hubweka kwa nadra. Akikomaa hulia kwa sauti ndefu kuwaita wenzake na hunguruma akichokozwa. Kubweka amewaachia zaidi watoto wake, na yeye mwenyewe hubweka hatari inapokaribia pango. Mbwa wa nyumbani ameshika njia nyingine. Hubweka mchana na usiku, kwa mgeni na kwa mwenyeji, akiwa na hofu, akicheza, akiachwa peke yake. Kitu gani kilitokea kati ya babu na mjukuu? Na kwa nini watoto wawili wa mama mmoja, waliolelewa katika parsele mbili za jirani, mmoja humbwekea kila apitaye, na mwenzake huinua kichwa tu kisha akalala tena? Hayo ni maswali mawili ya kwanza ya elimu ninayokukaribisha kuingia.

Ninawaandikia hasa watu wa Mudaka na wa vilima vya Kabare vinavyoizunguka: wanafunzi wa kilimo na mifugo, maveterineri, walimu, na kila mama au baba aliyepokea mtoto wa mbwa ili alinde nyumba. Barabara ya Taifa namba 2 inapita hapa ikitoka Bukavu kwenda Kavumu, Katana na Goma. Watu wanateremka vilimani wakibeba ndizi, maharagwe na makala, moto zinapiga honi, mbuzi wanavutwa kwa kamba kwenda sokoni. Mtoto wa mbwa anayezaliwa kando ya barabara hiyo anaanza maisha katikati ya sauti, harufu na nyuso nyingi ambazo ndugu yake wa mlimani hakutani nazo. Kwa mtu anayetaka kujua jinsi hulka ya mbwa inavyojengwa, Mudaka ni mahali pazuri pa kusomea.

Jambo ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni hili: kubweka si kasoro ya mbwa, wala si kipimo cha ushujaa wake. Ni taarifa, na ina asili tatu. Ya kwanza ni damu aliyorithi. Ya pili ni wiki zake za mwanzo duniani. Ya tatu ni majibu anayoyapata kila anapofungua kinywa. Anayesikia sauti tu na kutoa hukumu, awe mwenye mbwa au jirani aliyekosa usingizi, hajaisoma taarifa hiyo.

Elimu ya tabia za wanyama ilipata mpango wake mzuri mwaka 1963. Mwaka huo Niko Tinbergen, Mholanzi aliyefundisha Oxford, alipanga maswali manne ya kuulizwa juu ya tendo lolote la mnyama: ni nini kinacholiamsha sasa hivi, lilikuaje katika maisha ya mnyama huyu, linamfaa nini, na lilitoka wapi kwa mababu zake. Miaka kumi baadaye, 1973, alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch. Ninayataja maswali hayo kwa sababu yanamaliza mabishano mengi. Mmoja anasema, “Anabweka kwa kuwa ndiyo mbegu yake.” Mwingine anasema, “Anabweka kwa kuwa mnamfunga.” Wote wawili wanaweza kuwa wakweli: wa kwanza anajibu swali la mababu, wa pili anajibu swali la malezi.

Tuanze na damu, na hapa Congo ina nafasi ya heshima. Katika misitu yetu wapo mbwa wa kuwinda ambao karibu hawabweki. Dunia inawajua kwa jina la basenji. Ni wadogo wa wastani, wana masikio ya kusimama, paji la uso lenye mikunjo na mkia uliojisokota juu ya mgongo. Wakitoa sauti, mara nyingi hutoa mlio unaopanda na kushuka kama wimbo, au mbweko mmoja mfupi, kisha basi. Wawindaji waliwafunga kengele ya mti shingoni ili wajue mbwa yuko wapi kichakani. Mwaka 1937 watoto wa basenji waliotoka Congo walionyeshwa London katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, na watu walimiminika kuwatazama mbwa wasiobweka.

Watu wengi wanaoifahamu habari hiyo hawajui kwamba mbwa huyo wa Congo yumo katika msingi wa elimu yenyewe. Nchini Marekani, katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller walilea mbwa wa koo tano kwa miaka mingi chini ya malezi yaliyo sawa. Basenji alikuwa mmoja wa hao watano, pamoja na beagle, spanieli wa aina ya cocker, mbwa mchungaji wa Shetland, na teria wa mbweha. Kitabu chao kilitoka mwaka 1965, na hadi leo watafiti wanakirudia. Waliona kwamba spanieli huamshwa kubweka na jambo dogo na huendelea, hali basenji anahitaji msisimko mkubwa na huacha upesi. Kisha wakazalisha chotara wa koo hizo mbili. Wepesi wa kuanza kubweka ulijitokeza kwa chotara karibu kama kwa spanieli. Yaani urithi wa wepesi uliufunika urithi wa ukimya.

Kwenye upande mwingine kabisa wa mizani yuko teria wa Yorkshire. Mbwa huyu mwenye nywele ndefu za hariri, ambaye akikomaa hupita kwa shida kilo tatu, hakuanza maisha kama pambo la sebuleni. Alitengenezwa katika karne ya 19 kaskazini mwa Uingereza, katika miji ya viwanda vya nguo, na wafumaji waliohamia huko kutoka Uskoti wakiwa na vijibwa vyao. Kazi yake ilikuwa kuua panya. Dume aliyeitwa Huddersfield Ben, aliyezaliwa mwaka 1865, ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa ukoo huo. Mwindaji wa panya anahitaji macho makali, masikio mepesi na ujasiri wa kuingia shimoni bila kusubiri amri. Ukimweka mbwa mwenye silika hiyo dirishani, ambapo paka, pikipiki na mgeni hupita, atatangaza kila kimoja. Mwenye kumnunua akitaka mdoli ataiita sauti hiyo kero. Aliyejua kazi ya babu zake hatashangaa.

Lakini tusiipe damu zaidi ya haki yake. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliounganisha majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na vipimo vya jenomu vya mbwa zaidi ya 2,000. Matokeo yake ni kwamba ukoo wa mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo jina la ukoo linaonyesha uelekeo wa kundi, na halitabiri kwa uhakika mbwa mmoja atakavyokuwa. Matokeo hayo ni habari njema kwa Mudaka, ambako mbwa wengi hawana hati ya ukoo wala hawaihitaji. Mbwa wa vijiji wa Afrika wana historia yao wenyewe. Adam Boyko na wenzake walipochunguza damu za mbwa wa vijiji wa Misri, Uganda na Namibia mwaka 2009, walikuta urithi mwingi wa Kiafrika na tofauti kubwa ndani yake. Mbwa wa kijijini ana hulka yake kamili inayostahili kusomwa, kama mbwa yeyote mwenye hati.

Sasa tuje kwenye malezi, ambako kazi yetu wanadamu ni kubwa zaidi. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio hufuata siku chache baadaye. Kabla ya hapo sauti yake ni kulalama tu: baridi, njaa, mama yuko wapi. Karibu na wiki ya tatu anaanza kushtuka kwa sauti, kutikisa mkia, kucheza na ndugu zake, na mbweko wake wa kwanza mwembamba husikika. Hapo unaanza msimu ambao Scott na wenzake waliuweka takriban kati ya wiki ya 3 na ya 12. Katika msimu huo mtoto anajifunza nani ni wa kwao na nani ni wa kuogopwa. Mwaka 1961 Daniel Freedman, John King na Orville Elliot walieleza jinsi walivyowalea watoto wa mbwa uwanjani bila kuguswa na watu, kisha wakawakutanisha na watu kwa umri tofauti. Waliokutana na watu mapema waliwazoea. Waliobaki hadi wiki ya 14 waliwakimbia watu kama wanyama wa porini, na kuwafuga kukawa taabu.

Muda wa kukaa na mama nao una uzito wake. Watafiti wa Italia walilinganisha mwaka 2011 mbwa walioondolewa kwa mama wakiwa na siku 30 hadi 40 na walioondolewa wakiwa na miezi miwili. Wale wa kwanza ndio waliokuja zaidi kubweka kupita kiasi, kuogopa wakitembezwa na kushtushwa na kelele. Mama na ndugu humfundisha mtoto mambo ambayo binadamu hatuyawezi: kung'ata kwa kiasi, kungoja zamu, kutulia baada ya mchezo. Anayeuza au kugawa watoto wa mbwa akisubiri wiki nane, amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kumpunguzia jirani kelele.

Hapa lazima niguse desturi iliyoenea huku kwetu na mbali zaidi: kumfungia mtoto wa mbwa katika kibanda chenye giza ili asizoee watu na awe mkali. Nia yake naielewa. Usiku una wezi, sentineli ni gharama, na familia inataka sauti ya kuiamsha. Lakini tazama kinachotokea. Mtoto aliyefungiwa katika msimu ule wa wiki ya 3 hadi ya 12 anatoka akiwa mwoga wa kila kitu, na mwoga hubwekea kila kitu: majani, mvua, mtoto wa nyumbani anayetoka shule. Baada ya mwezi mmoja hakuna anayeamka, kwa kuwa sauti hiyo haina habari tena. Mlinzi mzuri ni yule anayejua yaliyo ya kawaida. Mbwa aliyezoeshwa mapema watu, pikipiki, miavuli na mizigo ya sokoni atayaacha yapite, na saa nane za usiku akibweka, wenye nyumba watajua kuna jambo. Basi ukitaka mbwa wa ulinzi, mfungulie dunia angali mchanga. Ikiwa chanjo zake hazijakamilika, usimweke chini sokoni ambako magonjwa kama parvo huambukizwa. Mbebe mikononi, simama kando ya barabara, acha asikie na aone huku akiwa salama.

Asili ya tatu ya taarifa ni majibu yetu. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na elimu ya kisasa inatuonyesha njia mojawapo ya ukweli huo. Mtoto wa mbwa amelala langoni. Mwanamke anapita na kapu la mihogo. Mbwa anabweka, mwanamke anaendelea na safari yake. Sisi tunajua alikuwa anakwenda sokoni. Mbwa yeye ameona jambo jingine: nilibweka, akaondoka. Kwenye barabara kama yetu funzo hilo linarudiwa tangu alfajiri hadi jioni, na kila mpita njia analithibitisha bila kujua. Ndani ya nyumba liko funzo la pili. Mtoto anabweka, mtu anatoka na kupiga kelele. Kwa sikio la mbwa, mwenzake amekuja kubweka naye. Kumpiga kunaongeza hofu, nayo hofu ndiyo chanzo cha mbweko mwingi. Linalosaidia ni kuondoa chanzo pale inapowezekana, kwa mfano kuziba ua upande wa barabara, na kumpa ujira wa chakula na sauti ya upole wakati yuko kimya mgeni akipita. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna walichunguza jambo hili kwa kulinganisha wenye mbwa wadogo na wakubwa. Waliona kwamba wenye mbwa wadogo hawakuwa na msimamo katika malezi, na mbwa hao walikuwa wepesi zaidi wa kusisimka na kuogopa. Huenda basi sehemu ya sifa ya ukelele wa teria mdogo ni ya mlezi wake, anayemwachia mambo ambayo angemkataza mbwa mkubwa.

Je, mbweko wenyewe una maana ndani yake? Kwa muda mrefu wataalamu waliudharau. Raymond Coppinger na Mark Feinstein, walioandika mwaka 1991, waliuona kama zao la pembeni la mnyama aliyebaki na utoto hata akikomaa. Mwaka 2002 Sophia Yin alirekodi mbwa kumi katika hali tatu: kengele ya mlango, upweke na mchezo. Alipopima sauti zaidi ya 4,600 alikuta tofauti zinazopimika. Mbweko wa kengele ulikuwa mzito, wenye mkwaruzo, wa kufuatana haraka. Ule wa upweke na wa mchezo ulikuwa mwembamba zaidi na safi. Mwaka 2005 Péter Pongrácz na wenzake wa Budapest waliwasikilizisha watu sauti za mbwa wachungaji wa Hungaria waitwao mudi. Watu hao, hata wasiowahi kufuga mbwa, waliweza kukisia hali ya mbwa kwa usahihi unaozidi bahati. Wewe pia una uwezo huo. Elimu inakutaka uutumie kwa makusudi.

Sauti hutoa pia habari za mwili. Teria wa Yorkshire na vijibwa wenzake huelekea kupata udhaifu wa bomba la pumzi, linalobonyea na kumfanya akohoe kwa mlio mkavu kama wa bata bukini. Mwenye mbwa anaweza kudhani ni mbweko wa ajabu, kumbe ni ugonjwa, na mbwa wa namna hiyo avutwe kwa mkanda wa kifuani, si kwa kamba ya shingo. Zito kuliko hilo ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake hupooza misuli ya koo, na sauti ya mbwa hubadilika, ikawa ya kukwaruza au ya kuvutika. Mbwa aliyebadilika sauti na mwenendo kwa ghafla asisogelewe, aitwe veterineri. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali kupata chanjo siku hiyo hiyo. Hakuna ujuzi wa hulka unaochukua nafasi ya chanjo ya mbwa.

Kivu haikosi mapokeo ya kuchungua wanyama. Lwiro, kaskazini mwa Mudaka, ina kituo cha sayansi kilichojengwa na IRSAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1947. Katika Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, wafuatiliaji na walinzi wa Kikongo wamewajua gorila mmoja mmoja kwa sura na mwenendo, na watafiti wa mbali kama Juichi Yamagiwa wa Japani wamefanya kazi pamoja nao. Uvumilivu ule ule wa kukaa kimya na kuandika unahitajika kwa mbwa, na mbwa hahitaji kibali wala safari ya msituni. Anayeanza achague mtoto mmoja wa mbwa, wa kwake au wa jirani anayekubali. Kila abwekapo aandike saa, aliyepita, umbali wake, mbweko ulikuwa mzito au mwembamba, masikio na mkia vilikaaje, na nani alifanya nini baadaye. Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Aandike pia nyakati za ukimya: nani alipita na mbwa hakubweka? Mistari hiyo ya ukimya ndiyo wanaoanza huisahau, na ndiyo inayoonyesha mbwa amezoea nini.

Ukiwa na daftari kama hilo kutoka parsele kumi za barabarani na kumi za vilimani, unaweza kuuliza maswali makubwa. Je, mtoto aliyekulia kando ya soko hubweka kidogo kwa mgeni kuliko wa mlimani, au kelele zimemfanya mwepesi zaidi wa kushtuka? Je, waliokaa na mama wiki nane wanatofautiana na waliotolewa wiki ya tano? Je, walinzi waliofungiwa utotoni huwatambua wezi vizuri kuliko waliozoeshwa watu? Vitivo vya kilimo vya vyuo vikuu vya Bukavu vina wanafunzi wanaotafuta mada kila mwaka. Mada hizi zina faida kwa mifugo, kwa afya ya watoto wetu, kwa usalama wa usiku na kwa ujirani.

Ninawasihi tu wasomaji wasichelewe. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa wiki hii kwenye parsele ya Mudaka tayari anajifunza, na kabla ya miezi minne kwisha atakuwa amekwisha kuamua nani wa kumkaribia na nani wa kumbwekea. Anayetaka kumsoma, na anayetaka kumlea vizuri, waanze naye sasa.